Bwana Sawa na Jiko la Wote

Kuna watu ambao hawajawahi kumuudhi mtu yeyote, na ukiwachunguza kwa karibu utaona ni kwa sababu hawajawahi kumfaa mtu yeyote. Mchora vibao wa nyumba yetu ni mmoja wao. Ninaandika habari zake kwa sababu watu wa aina yake husifiwa mno. Wakifa, husemwa walikuwa watu wa watu, na waombolezaji hutikisa vichwa kukubali. Huyu bado yu hai, kwa hiyo nafasi ya kusema kweli bado ipo.

Tulimwita Bwana Sawa. Jina hilo hakulichukia, maana hakuwahi kuchukia kitu mbele ya mtu. Ukimwambia mvua itanyesha, atasema sawa. Akija mwingine akasema haitanyesha, atasema sawa pia, kwa tabasamu lile lile. Mkiwa wote wawili mbele yake, atasema mawingu ya siku hizi hayaeleweki, kisha atakumbuka kwamba ameacha brashi ndani ya mafuta ya taa na ataondoka.

Mkono wake ni mzuri. Hiyo ni haki yake na sitamnyima. Huvuta uzi uliopakwa chaki juu ya ubao, akaupiga kidogo kwa kidole, mstari ukabaki umenyooka kama umechorwa kwa rula. Herufi zake hazilali wala hazibanani. Tatizo ni kwamba maisha yake yote ameandika maneno ya watu wengine, na hata anapoweka brashi chini huendelea na kazi hiyo hiyo kwa mdomo. Katika mtaa wetu kuna maduka mawili ya vyombo yanayotazamana. Moja lina kibao kinachosema NAFUU YA KWELI IKO HAPA, na la pili lina kibao kinachosema USIDANGANYWE NA JIRANI. Vyote ni kazi yake, amevichora kwa rangi ya kopo moja, na alikunywa chai kwa wenye maduka wote wawili huku akitikisa kichwa kusikitikia tabia ya yule wa pili.

Mama yake ana hadithi moja ya utotoni mwake ambayo alikuwa akiisimulia kwa kicheko. Baba na mama walipogombana, mtoto huyu alikuwa anakwenda kwa baba anamwambia, “Baba, una haki,” kisha anakuja kwa mama anamwambia, “Mama, umeonewa.” Siku za ugomvi alikuwa anapata nyama mara mbili. Watu waliosikia hadithi hiyo walicheka. Mimi sikuona cha kucheka. Mtoto aliyefundishwa mapema kwamba ukweli una pande mbili na zote zina mchuzi, atakuwa mtu mzima wa namna gani?

Aliwahi kuoa. Mkewe alikuwa mwanamke mkali mwenye moyo safi, fundi wa kushona mapazia, na walikaa pamoja kwa muda ambao ulitosha kumchosha. Wazee wa pande zote mbili walipokutana kutaka kujua kosa la mume, yule mwanamke alisema mumewe hana kosa hata moja. Hampigi, hamtukani, hachelewi kurudi. “Nimechoka kugombana peke yangu,” alisema. Kisha alikunja mapazia yake, akaondoka. Bwana Sawa alimsaidia kubeba mashine hadi kituoni, na huko njiani, wanasema, alimwambia kuwa uamuzi wake ni wa busara.

Baba yake alipofariki, mama alikuja kukaa naye. Alikuwa mwanamke mfupi, mnyoofu wa mgongo, mwenye magoti mabovu na ulimi mzima. Ujana wake wote alipika kwenye bweni la shule, akilisha watoto wa watu kwa masufuria ambayo mtoto mmoja angeweza kujificha ndani. Mtu wa namna hiyo ukimwondolea jiko umemwondolea miguu. Nyumbani kwetu alikuwa anashuka ngazi kila asubuhi kwa kushika ukuta, akapika chakula chake na cha mwanawe, na hakumruhusu mtu ashike mwiko wake. Wake za watu walikuwa wakimchungulia ili wajifunze. Yeye alikuwa akiwaambia wajifunze kwanza kunyamaza, chungu kina maneno yake.

Kisha alipata homa kali. Alipona, lakini pua haikupona. Alikuwa hanusi tena kitu chochote: si kitunguu, si sabuni, si nguo iliyoungua kwa pasi. Mwanawe ndiye aliyempeleka hospitali, na mbele yake daktari alieleza kwamba huenda uwezo wa kunusa hautarudi kama zamani, na kwamba mama akae mbali na kitu chochote ambacho onyo lake ni harufu. Walirudi nyumbani wakalifunga jambo hilo kama watu wafungavyo chumba cha marehemu. Mama alikuwa anaona haya. Mpishi asiyenusa ni kama fundi saa aliyepofuka, na alijua vichwa vya watu vilivyo. Wangeanza kukinusa chakula chake kabla ya kukila. Kwa hiyo aliendelea kupika kwa macho, kwa masikio na kwa kumbukumbu ya mikono, na hakuna aliyetambua. Wakati huo jikoni kwetu tulitumia mkaa. Mkaa huuona ukiwaka na huuona ukizimika.

Sasa nieleze nyumba yenyewe. Ni nyumba ya ghorofa moja iliyojengwa kuzunguka ua. Tuko familia tisa, kila familia na chumba au vyumba vyake, lakini bomba la maji ni moja na jiko ni moja, la wote. Jiko hilo ni chumba kirefu upande wa chini, chenye mlango mwembamba na dirisha dogo lililowekwa juu kana kwamba aliyejenga aliogopa wapishi wangetoroka. Kupika vyumbani ni marufuku. Nyaya za umeme za vyumbani ni za kuwashia taa tu, na aliyejaribu kuchemshia maji huko alituweka gizani nyumba nzima.

Moshi wa mkaa ulikuwa umepaka masizi kuta za juu hadi tukawa tunafua nguo mara mbili. Siku moja msimamizi wa nyumba, kijana wa mwenye nyumba anayependa kuzungumza akitazama simu, alikuja akatangaza kwamba mkaa umekwisha. Mwenye nyumba atatengeneza jiko upya. Ataweka ama gesi, yenye mitungi mikubwa nje na bomba hadi ndani, ama majiko ya umeme yenye waya wake mpya. Si vyote viwili. Wapangaji wakubaliane wenyewe, na watakachochagua hakitabadilishwa.

Nyumba iligawanyika siku ile ile. Upande wa gesi aliuongoza dereva wa lori, mtu mkubwa mwenye sauti ya honi, ambaye hurudi kutoka safari saa yoyote na hutaka chakula kabla hajavua viatu. Hoja yake ilikuwa nzuri. Umeme wetu hukatika bila kuaga, alisema, na siku hiyo mtakula mate yenu. Upande wa umeme aliuongoza muuguzi wa ghorofani, mwanamke mkimya ambaye maneno yake hutoka yamekwisha kupimwa. Naye hoja yake ilikuwa nzuri. Gesi ikivuja kwenye chumba chenye dirisha kama tundu la panya, alisema, suala la chakula halitakuwepo tena. Mimi nilikuwa upande wake, lakini simdharau mtu kwa kuchagua gesi. Mtu mzima anaweza kuchagua gesi, akaeleza kwa nini, akalala usingizi. Dharau yangu ina mwenyewe.

Dereva alitaka kibao cha kuwavuta wapangaji, akamwendea Bwana Sawa. Muuguzi naye, aliposikia, hakutaka kuachwa nyuma. Baada ya muda mfupi ua wetu ulikuwa na mbao mbili. Mmoja ulisema WASHA, PIKA, KULA, na mtungi wa bluu umechorwa pembeni. Mwingine ulisema UMEME HAUVUJI, na sufuria inayotoa mvuke. Watu walizitazama wakasifu herufi. Dereva alimuuliza mchoraji yeye yuko upande gani. Alijibu kwamba gesi ina raha yake. Muuguzi alimuuliza swali hilo hilo kwenye ngazi, akajibu kwamba umeme una usalama wake. Hapo hakuna uongo hata mmoja, na ndiyo maana mtu kama huyu ni vigumu kumkamata. Hupuliza hapa, huuma kule, na midomo yote miwili ni yake.

Upigaji kura wetu una desturi yake. Zamani tulikuwa tunanyoosha mikono, lakini ilibainika kwamba katika nyumba yetu mikono huwa mingi kuliko watu. Tukaamua kila familia ipige kura kwa kifuniko cha sufuria yake kubwa. Familia inaweza kuwa na wajomba na mashemeji wasiohesabika siku ya kura, lakini kifuniko cha sufuria kubwa ni kimoja, na kila mtu anakijua cha mwenzake kwa mibonyeo yake. Kuta mbili za jikoni hupigiliwa misumari. Kila mwakilishi wa familia huingia, hutundika kifuniko upande anaoutaka, hutoka. Hakuna siri na hakuna kurudia.

Jioni ya kabla ya kura, mama alimkalisha mwanawe. Haya nilikuja kuyasikia kwa mama mwenyewe, baadaye. Alimwambia kwamba jambo la pua yake amelificha vya kutosha, na sasa anamruhusu alitoe. Gesi ikiwekwa, yeye hataweza kujua kama imevuja, na kwa hiyo ama ataacha kupika ama atawaua watu. Akamwomba aseme mbele ya wote kabla vifuniko havijatundikwa.

“Sema tu, mama yangu hanusi,” alimwambia. “Ni maneno matatu. Mimi sitashuka, sitaki watu wakae wakinitazama pua.”

Mwanawe alisema atasema. Mama, ambaye alimzaa na hivyo alimjua, akaongeza kwamba kama ulimi utakuwa mzito basi asiseme kitu, atundike tu kifuniko upande wa umeme, apande juu. Hata hilo akakubali. Ombi lilikuwa limepunguzwa hadi likawa dogo kama punje; lilibaki la kunyoosha mkono tu.

Asubuhi yake tulikusanyika uani. Bwana Sawa alikuja na kifuniko kwapani, akasimama nyuma kabisa, karibu na bomba la maji, akimtabasamia kila aliyegeuka. Nilidhani ni adabu. Sasa najua alikuwa anasubiri. Ni desturi yake kusubiri hadi wengi waonekane, kisha hujiunga nao, na kifuniko chake hukaa mahali ambapo hakihesabiki. Amefanya hivyo kwenye kila jambo: walipochagua mlinzi, walipochagua rangi ya geti. Alikuwa daima upande ulioshinda na hakuwahi kumshinda mtu.

Lakini siku ile hesabu ilimsaliti. Familia moja iliingia, ikafuata nyingine. Dereva alitundika chake kwa kishindo. Muuguzi alitundika chake, akarudi uani akakunja mikono. Nilitundika changu. Familia nane zilipomaliza, tulichungulia mlangoni na kuona vifuniko vinne ukuta huu na vinne ukuta ule. Kilichobaki kilikuwa kwapani mwa mtu aliyekaa maisha yake yote akihakikisha kwamba hakitakuwa cha mwisho chenye maana.

Watu walimpisha. Nikiri kwamba hata mimi, ambaye sikujua lolote kuhusu pua ya mama yake, nilimwonea huruma kidogo, jinsi alivyotembea. Alisimama katikati ya jiko, kuta zote mbili mkononi mwake. Hapo ndipo palikuwa mahali pa maneno matatu. Hata mtu mwoga angeyasema hapo, kwa sababu yangemwokoa: nani angemlaumu mtu kwa mama yake? Nani, hata dereva, angebisha? Lakini kusema kungekuwa kumfanya mtu mmoja ashindwe, na sura ya mtu huyo isichangamke kwa siku kadhaa.

Muuguzi alikuwa anatazama chini, maana ni mtu asiyependa kumbana mwenzake. Dereva hakuwa na haya hiyo. Alikuja akasimama mlangoni akiuziba wote, akacheka.

“Ndugu yangu, mtungi umeuchora mwenyewe kwa mkono wako. Sasa utauonea haya?”

Watu wakacheka. Bwana Sawa naye akacheka, na kicheko chake kilipokwisha, kifuniko cha mama yake kilikuwa upande wa gesi.

Ndivyo ilivyokuwa. Aliogopa sauti iliyokuwa karibu zaidi. Kwenye ngazi, akipanda, alimpita muuguzi akamnong'oneza kwamba moyo wake ulikuwa pamoja nao. Muuguzi aliendelea na njia yake, na tangu siku ile akawa anamsalimu mama mzee kwa salamu fupi, akidhani uamuzi ule ulitoka kwake. Mama aliona ubaridi huo na hakujua umetokana na nini.

Na huko juu mama alimuuliza, kumekuwaje?

“Tumeshindwa, mama,” alimwambia.

Angesema gesi imeshinda, ingekuwa woga tu, na woga ni ugonjwa wa wengi. Lakini alisema tumeshindwa. Alijiweka upande wa mama yake baada ya vita kwisha, baada ya yeye mwenyewe kufungua lango. Mama akamshika bega akamwambia amejitahidi, asijilaumu. Naye akapokea. Alikaa kitandani akafarijiwa, akala chakula alichopikiwa. Mtu anayeweza kumeza faraja ya namna hiyo bila kukabwa koo, sijui ameumbwa na koo la nini.

Mafundi wakaja, wakachimba, wakapitisha bomba. Jiko jipya lilikuwa zuri, sitaki kusema uongo. Dereva alipika chakula cha siku ya kwanza kwa mikono yake. Msimamizi alisema sheria inataka pawekwe maandishi ya tahadhari ukutani, na kila mtu akamtazama mtu mmoja. Bwana Sawa alifurahi kuombwa. Alikataa hata kulipwa, jambo lililompatia sifa tele. Alivuta uzi wake wa chaki juu ya majiko, akaandika kwa herufi nyekundu, kubwa, zilizopangika vizuri:

NUSA KWANZA KABLA YA KUWASHA.

Na ili wasiojua kusoma wasiachwe, pembeni alichora pua. Ilikuwa pua nzuri, yenye kivuli chini ya tundu. Alisogea nyuma, akafumba jicho moja, akarudi kuongeza rangi kwenye mkunjo.

Mama aliiona. Alidhani mwanawe ameamriwa. Kwa kipindi fulani hakupika. Kisha mazoea yakamshinda, au njaa ya kuwa mtu, akaanza kushuka tena wakati jikoni kuna watu wengine, akiwasubiri wawashe yeye aweke sufuria yake kando yao. Aliyekuwa akipishwa na watu jikoni sasa alidoea moto wa wengine. Wanawake walidhani magoti yanamsumbua.

Siku moja mchana nilikuwa nakinga maji uani. Dereva alikuwa ameondoka haraka, lori linamsubiri, na koki moja ya gesi hakuifunga hadi mwisho. Mlango wa jiko ulikuwa umerudishiwa. Mama alishuka, akakuta kumetulia, akaingia. Nadhani alikuwa amechoka kusubiri. Mimi nilikuwa mbali na upepo ulikuwa unavuma kutoka kwangu kuelekea jikoni, sikusikia harufu. Muuguzi ndiye aliyekuwa akiingia getini kutoka kazini. Nilimwona akisimama, uso ukabadilika, kisha akakimbia, yeye asiyekimbia kamwe. Nilipofika mlangoni, harufu ikanipiga hadi macho yakatoa machozi. Mama alikuwa ameshika kijiti cha kiberiti, na muuguzi alikuwa ameshika mkono wake wote kwa mikono yake miwili. Tulimtoa nje, nikafunga koki, tukaacha mlango wazi tukakaa uani.

“Mama, ile harufu hukuisikia?” muuguzi aliuliza, na sauti yake ilikuwa na hasira ya hofu.

“Sinusi,” mama alisema. “Tangu ile homa, sinusi kabisa.”

Muuguzi aliuachia mkono wake. “Sasa kwa nini mlituchagulia gesi?”

“Nani alichagua?”

Muuguzi alinitazama mimi. Niliona ameelewa, na niliona hataki kuwa yeye wa kusema. Kwa hiyo nilisema mimi. Sikutafuna maneno: kura zilikuwa nne kwa nne, na kifuniko chenu kikaenda kwenye gesi, nilikiona kwa macho yangu. Baadhi ya watu waliniambia baadaye kwamba ningeweza kulisema kwa namna nyingine. Namna hizo nyingine ndizo zilizotufikisha pale.

Mama hakulia wala hakulaani. Aliomba kigoda, akakiweka ndani ya jiko, chini ya maandishi mekundu, akakaa hapo kumsubiri mwanawe.

Alikuja amejawa na rangi vidoleni, akipiga mluzi. Alipotuona wote uani alisalimu kwa uchangamfu, kisha akamwona mama, akaingia. Mlango ulikuwa wazi na hakuna aliyejifanya hasikii.

“Nisomee hapo,” mama alimwambia.

“Mama, twende juu tukazungumze.”

“Nisomee.”

Akasoma, kwa sauti ndogo.

“Ulipokuwa unaichora hiyo pua,” mama alisema, “ulikuwa unamfikiria nani?”

“Mama, kazi ni kazi. Mimi niliambiwa niandike, nikaandika. Hayo ni maneno ya msimamizi.”

“Najua si yako. Huna lako. Maisha yako yote umewabebea watu maneno yao hadi kwenye vibao vyao, na hujawahi kuangusha hata herufi. Nilikupa langu moja ulibebe kutoka juu hadi hapa chini. Ngazi zile tu.”

Akasema hakutaka ugomvi. Akasema dereva alikuwa amesimama mlangoni. Akasema nyumba ya watu wengi inahitaji hekima. Mama alimsikiliza hadi akamaliza akiba yake, kisha akasimama kwa kushika ukuta, naye alipomnyooshea mkono amsaidie, aliupita.

Wapangaji, ambao ni wema wakishaogopa, walijaribu kurekebisha. Msimamizi alisema alichosema mwanzo, kwamba kilichochaguliwa hakibadilishwi. Dereva alikuja kuomba radhi kwa koki ile, kofia mkononi, na alimaanisha. Alisema angejua hali ya mama angekitundika kifuniko chake upande wa umeme yeye mwenyewe. Namwamini. Muuguzi alipanga zamu, kila mama akitaka kupika mtu ashuke naye amnusie. Mama alimshukuru, akakataa. Alisema amepikia mamia ya watoto na hatasindikizwa jikoni kama anayejifunza kutembea. Kisha akamtumia habari binti yake, anayekaa ng'ambo ya pili ya mji na jikoni mwake ana umeme.

Siku ya kuhama nilisaidia kubeba sanduku, maana Bwana Sawa alikuwa na godoro. Mtaani watu walimsalimu pande zote mbili za barabara. Mwenye duka la vyombo alisema, tazameni mtoto anavyomtunza mama yake. Mwenye duka la ng'ambo alisema hivyo hivyo. Naye aliwajibu wote kwa kuinamisha kichwa, godoro likimpa unyenyekevu.

Dada yake alitufungulia. Ni mwanamke wa maneno machache, mikono yake ilikuwa na unga. Alimkumbatia mama, akamkalisha jikoni, akatuletea maji, kisha akamuuliza kaka yake kuna nini hata mama amehama ghafla. Alieleza kwamba nyumba imewekwa gesi na gesi haimfai mama. Dada akauliza ni nani aliyechagua gesi kama inajulikana haimfai.

Nilimtazama. Jikoni palikuwa na watu wanne, na watatu kati yetu tulikuwa tunajua. Hapakuwa na dereva mlangoni. Hapakuwa na mtu wa kucheka. Mlango ulikuwa wazi mbele yake mpana kuliko siku ile ya vifuniko, na aliyeuliza alikuwa tumbo moja naye.

“Watu, dada,” alisema. “Unajua tena nyumba za kupanga.”

Nilidhani mama atamsahihisha. Alikuwa ameshika ukingo wa meza, akitazama mikono yake.

“Mimi sinusi tangu ile homa,” alimwambia binti yake. “Kaka yako alikuwa anajua. Nilimwomba aseme, akatundika kifuniko changu kwenye gesi.” Alisema hivyo kama mtu anayeeleza njia, kisha akainuka. “Haya, nionyeshe hili jiko lako linavyowashwa.”

Dada hakumtazama kaka yake. Alimpeleka mama mbele ya jiko, akamwonyesha swichi ya ukutani, kisha kitaa chekundu kinachowaka kuonyesha bapa la jiko limepata moto. Mama aliinama akakitazama, akazima, akawasha tena mwenyewe, akasogeza kiganja juu yake hadi akahisi joto. Akaomba sufuria.

“Godoro liweke chumba cha nyuma,” dada alisema akiwa ametupa mgongo. “Ukitoka, rudishia mlango.”

Tukatoka. Tulitembea hadi kwenye duka la mume wa dada yake, pale kwenye kona. Hapo Bwana Sawa alisimama, akafumba jicho moja. Akaniuliza kama nimeona kwamba duka lile halina kibao.

Nilivuka barabara, nikarudi nyumbani kwa upande wa pili.